Kabla ya kusema ulipanda VC10, hesabu injini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie ndege za abiria za zamani, zile zilizotua na kuruka Dar es Salaam tangu siku za East African Airways, shirika la ndege la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, hadi miaka ya mwanzo ya Air Tanzania. Picha ya ndege ya namna hiyo ikichapishwa popote, au wazee wakikaa barazani kukumbushana safari zao, jina moja humeza mengine yote. Kila jeti ya zamani huitwa VC10. Kila ndege ya pangaboi huitwa Dakota. Wajukuu wanaosikiliza huandika walichosikia, na kosa huzaa kosa.

Jambo hili linatuuma. Ndege hizo hazikufanana hata kidogo, na kila moja ililetwa kwa sababu yake: joto letu, viwanja vyetu vifupi vya changarawe, mwinuko wa Nairobi, umbali wa Mwanza. Ukibadilisha jina la ndege, umefuta na sababu hiyo. Nao waliozipanda, waliozihudumia na waliozitengeneza wanapungua kila mwaka.

Lakini msafiri asiyejua lolote kuhusu ndege bado amebeba ushahidi wa kutosha. Jina halikumbuki, ila anakumbuka alipandia mlango wa wapi, alikaa na nani kushoto na kulia, dirishani aliona nini, na alifika saa ngapi. Kwa mambo hayo manne, mara nyingi jina linapatikana bila kubahatisha.

Muulize kwanza injini zilikuwa ngapi na zilikaa wapi. Nne nyuma kabisa, mbili kila upande, chini ya mkia wenye umbo la herufi T: hiyo ni VC10 kweli. Mbili tu nyuma, mkia vilevile wa T: hiyo ni DC-9, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa East African Airways ilikuwa nazo zote mbili kwa wakati mmoja. Injini nne ambazo hazionekani, zimezikwa ndani ya mabawa pale yanapoungana na bodi: Comet. Mbili nyembamba kama sigara, zimebanwa chini ya mabawa: Boeing 737-200. Nne zinazoning'inia chini ya mabawa kama maembe: hiyo ni Boeing 707 au DC-8, na karibu kila mara ilikuwa ya kampuni ya nje.

Kama ilikuwa ya pangaboi, uliza bawa. Bawa likiwa chini ya madirisha na ndege ikiegesha huku imechuchumalia mkia, ni DC-3, ambayo ndiyo Dakota halisi. Bawa likiwa juu ya madirisha, zimebaki mbili: Fokker F27, inayokunja magurudumu yake, na Twin Otter, ambayo magurudumu yake hayakunjwi kabisa na bawa lake limeshikiliwa na nguzo ya mshazari kila upande. Kuna pia Argonaut ya pangaboi nne, iliyotumiwa na East African Airways kuanzia 1957, lakini ilidumu kwa muda mfupi na ni wachache walioipanda.

Sasa tuizungumzie VC10 yenyewe, maana jina lake halikuvuma bure.

Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mahali palipoinuka hewa ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Hewa nyepesi huiumiza ndege mara mbili: injini hupata hewa pungufu ya kuchomea mafuta, kwa hiyo msukumo hushuka, na bawa hupata hewa pungufu ya kulibeba, kwa hiyo ndege lazima ikimbie kwa kasi kubwa zaidi kabla ya kunyanyuka. Njia ya kurukia uwanjani ikiwa fupi, rubani hana ujanja ila kupunguza mzigo, yaani mafuta, mizigo au abiria. Ndege iliyopunguza mafuta Nairobi haifiki London bila kutua njiani mara nyingine.

Wahandisi wa Vickers, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza VC10, walilijibu tatizo hilo kwa kuondoa injini kwenye mabawa na kuzipeleka nyuma. Bawa lililobaki tupu lilipata nafasi ya kuwekewa vibawa vya kuongeza nguvu ya kunyanyua, mbele na nyuma, kwa karibu urefu wake wote, bila kukatizwa na injini. Injini zenyewe, Rolls-Royce Conway, zilikuwa na nguvu kuliko zilivyohitajika kwenye viwanja vya usawa wa bahari. VC10 ya kwanza iliruka tarehe 29 Juni 1962, na BOAC, shirika la ndege la Uingereza, iliianzishia safari za abiria tarehe 29 Aprili 1964 kati ya London na Lagos. Tangu mwanzo ilikuwa ndege ya njia za Afrika.

Faida hiyo ilikuwa na bei. Mkia unaobeba injini nne lazima uimarishwe, na uimara huo ni uzito unaobebwa kila safari, hata kule ambako njia ya kurukia ni ndefu na hewa ni ya baridi. Kwenye viwanja vya namna hiyo Boeing 707 ilikula mafuta pungufu kuliko VC10. Nchi za Afrika ziliporefusha njia zao za kurukia, sababu ya kununua VC10 ilipungua. Zilitengenezwa 54 tu, wakati 707 zilipita 800. Abiria, hata hivyo, waliipenda kuliko 707 kwa sababu moja rahisi: makelele yalibaki nyuma. Aliyekaa safu za mbele alisikia upepo tu ukipita kwenye bodi. Watu wa Kipawa na Ukonga, jirani na uwanja wa Dar es Salaam, waliokuwa chini ndio waliopata sehemu yao ya ngurumo.

East African Airways ilinunua tano, zote za aina ndefu iitwayo Super VC10, yenye urefu wa mita 52 na tangi la ziada la mafuta ndani ya mkia. Ya kwanza ilipokewa 1966 na ya mwisho 1970. Herufi zake za usajili zilikuwa 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Tazama mpangilio huo: mbili zilisajiliwa Uganda, mbili Tanzania, moja Kenya. Zote zilikuwa mali ya shirika moja la Jumuiya, na zikipangiwa safari bila kuangalia zimeandikwa nchi gani. Kwa hiyo aliye na picha yenye 5X asiseme babu yake alipanda ndege ya Uganda, na mwenye 5Y asiseme ya Kenya. Alipanda ndege ya Afrika Mashariki.

Kuna alama nyingine inayozitofautisha na Super VC10 za BOAC, ambazo nazo zilikuja hapa. Za East African Airways zilikuwa na mlango mpana wa mizigo upande wa kushoto, mbele, kati ya mlango wa abiria na bawa. Kwenye picha nzuri utaona mstari wa mstatili mkubwa umezunguka madirisha kadhaa. Ukiuona mstari huo kwenye Super VC10, umemaliza kazi hata kama rangi na maandishi yamefifia.

Moja kati ya tano hizo haikurudi. Tarehe 18 Aprili 1972, 5X-UVA ilikuwa inakimbia kuruka kutoka Addis Ababa. Gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoshwa njiani na ndege ndogo, tairi likapasuka, na rubani akaamua kusimamisha ndege. Breki hazikushika kama ilivyotakiwa, kwa kuwa vipuri vya mfumo wake vilikuwa vimefungwa isivyo sahihi. Ndege ilipita mwisho wa njia ikaanguka, na watu 43 walipoteza maisha. Tunaliandika hili kwa sababu kuna wanaosimulia kwamba injini zililipuka. Yaliyoanza ni tairi na breki, na ni kwa hatari kama hiyo hadi leo njia za ndege hukaguliwa na magari mara kwa mara kutafuta vipande vya chuma na mawe.

Nne zilizobaki ziliuzwa baada ya shirika kuvunjika mwaka 1977. Jeshi la Anga la Uingereza lilizigeuza kuwa ndege za kuwajazia wenzao mafuta angani, zikapewa namba ZA147 hadi ZA150. Za mwisho kati yake zilifanya kazi hiyo hadi Septemba 2013. Tarehe 25 mwezi huo ZA147 ilitua Bruntingthorpe, Uingereza, na hiyo ikawa safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani. ZA147 ndiyo 5H-MMT yetu. Siku moja kabla yake ZA150, yaani 5H-MOG, ambayo pia ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa, ilipelekwa Dunsfold, hukohuko Uingereza, ikahifadhiwe. Na hata British Airways ilipostaafisha VC10 zake za abiria, safari ya mwisho ya ratiba iliondoka hapahapa Dar es Salaam, ikapitia Larnaca na kuingia London tarehe 29 Machi 1981. Mwenye kipande cha tiketi ya safari hiyo ana kitu ambacho makumbusho yangekipokea kwa mikono miwili.

Comet 4 ilitangulia VC10. East African Airways ilipokea mbili za kwanza mwaka 1960, na hizo ndizo jeti zake za kwanza kabisa. Alama zake ni injini zilizofichwa, pua ya mviringo, na matangi mawili ya mafuta yanayochomoza mbele ya mabawa kama risasi. Madirisha yake yalikuwa na umbo la yai, na hilo lina historia. Comet za kwanza, zilizoanza kubeba abiria tarehe 2 Mei 1952 kutoka London hadi Johannesburg kwa kupitia Entebbe, zilikuwa na madirisha yanayokaribia mraba. Mbili zilipasuka angani mwaka 1954. Uchunguzi uliofanyika Farnborough, Uingereza, uliizamisha Comet nzima kwenye tangi la maji, ukawa unaijaza na kuipunguza shinikizo la ndani mara maelfu kama vile inapaa na kutua, hadi bodi lilipochanika. Bati lilikuwa limechoka, na nyufa zilianzia kwenye kona za matundu yaliyokatwa bodini, pale mkazo unapojikusanya. Comet 4 ilitengenezwa kwa bati nene zaidi na matundu yasiyo na kona kali. Hivyo anayesema alipanda Comet yenye madirisha ya mraba kwenye miaka ya 1960 anachanganya na picha aliyoiona baadaye.

DC-3 inastahili heshima zaidi ya inayopewa. Iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, na vita ilisababisha zitengenezwe zaidi ya 10,000. Haikuwa na hewa iliyoshindiliwa ndani, kwa hiyo iliruka chini, ndani ya mawingu na mitikisiko ya mchana, na abiria walitapika sana. Sakafu yake ikiwa imeegeshwa ilikuwa na mteremko: ukiingia kwa mlango wa nyuma kushoto ulipanda kilima hadi kiti chako. Mtu akikumbuka kilima hicho, usiulize swali lingine.

Jambo la pili linalokumbukwa ni moshi wakati wa kuwasha. Wengi walidhani injini ina hitilafu. Injini zake zina silinda 14 zilizopangwa duara, na zile za chini zimeangalia ardhi. Ndege ikilala usiku, oili hujivuta taratibu ikaingia ndani ya silinda za chini. Oili haishindiliki kama hewa. Ukiwasha ghafla, pistoni inakutana na kimiminika kisichosogea, na mkono wake unapinda au kuvunjika. Ndiyo maana asubuhi fundi alionekana akizungusha pangaboi kwa mkono, panga moja baada ya lingine, mpaka shafti ya injini imekamilisha mizunguko miwili ili kila silinda ipite kwenye mzunguko wake wote. Akihisi ugumu usio wa kawaida, hakulazimisha. Alifungua plagi za silinda za chini na kuimwaga oili. Oili kidogo iliyobaki ndiyo iliyoungua na kutoa wingu jeupe la dakika moja. Moshi ulioendelea baada ya hapo ndio uliokuwa wa kutia wasiwasi.

F27 ilikuja 1962, ikatumika East African Airways na baadaye Air Tanzania. Itambue kwa madirisha makubwa ya umbo la yai, na kwa kuwa bawa liko juu, aliyekaa karibu na injini aliliona gurudumu likining'inia kwenye mguu mrefu, kisha likikunjwa ndani ya kibanda cha injini. Mlio wake ni filimbi kali, kwa sababu injini yake, iitwayo Dart, huzunguka mara 15,000 kwa dakika wakati wa kuruka. Mizomo ya upepo iliyosikika ikitembea ardhini ilikuwa ya kawaida: breki na usukani wake viliendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, si kwa mafuta ya haidroliki kama ndege nyingi.

DC-9 tumekwisha kuitaja. Twin Otter bado zinaruka, kwa hiyo hazina haraka.

Boeing 737-200 ndiyo jeti ambayo kizazi cha baada ya 1977 kinaikumbuka. Air Tanzania iliundwa tarehe 11 Machi 1977, na 737 zake mbili za mwanzo, 5H-ATC na 5H-MRK, zilikuwa za aina iitwayo kiwandani 737-2R8C. Namba 2 ni kundi la 200, R8 ni alama ambayo Boeing iliipa Air Tanzania kama mteja, na C maana yake ndege inaweza kubadilishwa kuwa ya mizigo, ndiyo maana nazo zina mlango mkubwa mbele kushoto. Ikitua, nyuma ya kila injini vilifunguka vikombe viwili vya chuma vilivyogeuza moshi kuelekea mbele, na ngurumo hiyo ya ghafla ndiyo iliyowashtua abiria wapya. Picha ikionyesha injini nene iliyobonyea upande wa chini, hiyo ni 737 ya kundi la 300 au za baadaye, na haiwezi kuwa ya mwaka 1980.

Kama injini hazikumbukwi, hesabu viti. VC10 na 737 daraja la kawaida zilikuwa na vitatu kila upande wa njia. DC-9 ilikuwa na viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili. F27 viwili kwa viwili. Mtu huwa anakumbuka kama alibanwa katikati, na aliyekuwa na kiti cha katikati hakuwa ndani ya F27.

Muda wa safari nao unasema, mradi njia iwe ndefu. Kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi ni kama kilomita 670 angani. DC-3 ilihitaji takriban saa mbili na nusu, F27 saa moja na nusu, jeti kama saa moja. Hadi Mwanza ni kama kilomita 850, na tofauti inakuwa wazi zaidi: DC-3 zaidi ya saa tatu, 737 saa moja na robo hivi. Safari ya Zanzibar haisaidii, kwa sababu ni fupi mno. Jihadhari pia na saa zetu. Tiketi huandika 14:00 na msimulizi husema saa nane, na kuna wajukuu walioandika kwamba bibi alisafiri saa nane usiku.

Vivyo hivyo miaka. Uwanja wa Kilimanjaro ulifunguliwa 1971, kwa hiyo anayesema alitua hapo mwaka 1968 amekosea mwaka au amekosea uwanja, huenda ni Arusha au Moshi. Jengo la pili la abiria hapa Dar es Salaam, lililosanifiwa na Mfaransa Paul Andreu, lilikamilika 1984. Picha yenye jengo hilo nyuma haiwezi kuwa ya East African Airways. Herufi za usajili zinazoanza na VR-T ni za Tanganyika ya kikoloni, VP-K za Kenya, VP-U za Uganda, VP-Z za Zanzibar. 5H, 5Y na 5X zilikuja baada ya uhuru.

Karatasi ndizo zisizodanganya. Namba ya safari kwenye tiketi ikianza na EC, ni East African Airways, kwa hiyo ni kabla ya kuvunjika kwake 1977. Ikianza na TC ni Air Tanzania. Ikianza na BA, angalia tarehe: BOAC ilitumia herufi hizo kabla ya British Airways kuzirithi 1974. Tiketi hizo za vijitabu zina wino mwekundu wa kaboni nyuma ya kila ukurasa, na kwa unyevu wetu wa pwani wino huo huhamia ukurasa wa pili na kurasa hugandana. Usizibandue kwa nguvu. Weka karatasi nyeupe nyembamba kati ya kurasa zinazofunguka, na zile zilizogandana ziache kama zilivyo hadi uzipige picha pande zote. Usiziweke kwenye plastiki ya moto ya kubana, kwa kuwa haitoki tena na joto lake huyeyusha wino.

Picha nazo zina maadui watatu hapa mjini: ukungu, mende na albamu zenye gundi. Albamu zile za ukurasa unaonata na karatasi ya plastiki juu zinakula rangi, na kadiri miaka inavyopita picha haitoki bila kuchanika. Mwenye picha ndani ya albamu hiyo azipige picha kwanza humohumo. Picha zilizo huru zihifadhiwe ndani ya bahasha za karatasi, ndani ya kopo linalofungwa vizuri, pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja na viatu vipya. Vifuko hivyo hujaa unyevu, vibadilishwe kila baada ya miezi michache. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino, ambayo hupenya au kuchora mfereji unaoonekana mbele.

Ukiziingiza kwenye kompyuta, picha ya karatasi inatosha kwa nukta 600 kwa inchi. Slaidi ni ndogo mno, zinahitaji angalau 2,400. Zisome fremu za kartoni za slaidi za Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, kabla ya kuzitupa: nyingi zimepigwa mhuri wa mwezi na mwaka filamu iliposafishwa, ambao ni ushahidi mzuri ingawa filamu huenda ilikaa ndani ya kamera miezi kadhaa. Kisha hakikisha slaidi haikugeuzwa. Abiria wa ndege zote tulizozitaja hupandia upande wa kushoto. Ukiona ngazi ya abiria upande wa kulia, au herufi za usajili zinasomeka kinyume, geuza slaidi kabla ya kuandika lolote.

Tuna ombi kwa waliofanya kazi East African Airways na Air Tanzania ya mwanzo: mafundi, makarani wa tiketi, wapakia mizigo, wahudumu na marubani. Karakana kuu ya shirika la Jumuiya ilikuwa Nairobi, na kumbukumbu nyingi zilibaki huko, lakini daftari za kazi za mtu binafsi zilikwenda naye nyumbani. Daftari la rubani linaandika tarehe, aina, herufi za usajili, alikotoka na alikotua. Ukurasa mmoja tu wa daftari hilo unaweza kumaliza ubishi wa miaka. Familia zinazohama au kugawana vitu vya marehemu zisilichome wala kulifungia maandazi. Lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, kisha mwandike nyuma ya bahasha ni la nani, alifanya kazi gani na miaka ipi.

Na kwako Mhariri: ukipokea picha ya ndege ya zamani, chini yake ziandikwe aina ya ndege, herufi za usajili, uwanja na mwaka, na lisilojulikana liachwe wazi badala ya kuandikwa VC10. Picha ikiwa pana kuliko nafasi iliyopo ukurasani, tunaomba ipunguzwe yote kwa pamoja, au ikatwe upande wa pua. Mkia usikatwe, kwani huko ndiko zilipo injini za VC10 na DC-9, na huko ndiko zilikoandikwa herufi.

Ni sisi wapenzi wa ndege,
Ukonga, Dar es Salaam